Karatasi ya Keya: babu alikuwa nani jeshini?

Sisi huku Dubai tunamshukuru Mungu, tupo. Leo sitaandika habari za joto wala za maghorofa. Nataka niwaletee historia kidogo, maana kuna neno moja linalowasumbua sana watu wa huku, na ukilifuatilia utaona lilishawasumbua babu zetu tangu enzi za Keya.

Neno lenyewe ni "mihna". Kwa Kiarabu ni kazi, ile uliyoandikiwa kwenye visa. Hapa Emirati mtu hasemwi tu kuwa anafanya kazi, anaandikwa kazi gani. Wako madereva wazuri kabisa walioandikwa "amil", yaani kibarua, na wako mafundi umeme walioandikwa wasaidizi. Kwa miaka mingi neno hilo ndilo lililoamua hata kama unaweza kumleta mke na watoto. Mwaka 2019 serikali ikabadilisha, sasa kwa habari ya familia wanaangalia kipato na si jina la kazi. Lakini ukihama kampuni, au ukirudi nyumbani ukataka kuonyesha uzoefu wako, bado mtu atasoma karatasi kwanza kabla hajakusikiliza wewe.

Basi sasa tuwageukie wazee wetu. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918) Waingereza na Wajerumani walipigana kwenye ardhi yetu, kuanzia mpaka wa Kenya na Tanganyika hadi Msumbiji. Barabara hazikuwepo za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo vita vilibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa watu karibu milioni moja waliandikishwa kubeba mizigo. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba kiasi cha 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Ndio hao wa "Carrier Corps", jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariakoo kwa Dar es Salaam na Kariokor kwa Nairobi. Kila mtu anayeenda sokoni kununua nyanya analitaja jeshi bila kujua.

Sikilizeni sasa. Hawa wapagazi hawakuwa wote wa namna moja. Wako waliobeba unga na mchele nyuma kabisa. Wako waliofunzwa kubeba mizinga ya bombomu na risasi zake, wakatembea na kikosi mpaka kwenye mstari wa mbele. Wako waliobeba majeruhi kwenye machela huku risasi zinapita. Wako wapishi, na wako wasaidizi wa hospitali. Lakini kwenye vitabu vya jeshi wote walihesabiwa kuwa watu wanaofuata jeshi tu. Si askari. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa askari, na wengi waliokufa hata majina yao hayakuwekwa kwenye kumbukumbu yoyote.

Na hapa ndipo jina la kazi linapouma. Baada ya vita ilibaki mishahara mingi ya wapagazi ambayo haikulipwa, kwa maelezo kwamba wenyewe au warithi wao hawakupatikana. Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkuu wao, aliidai London kwa miaka. Haikulipwa. Nendeni Nairobi pale Kenyatta Avenue mtaona sanamu tatu za shaba, na mpagazi yumo. Sanamu anayo, jina hana.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa wakubwa kukiri. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza wakati ule, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Vizuri. Lakini radhi ya 2021 haimkuti mjane wa 1918.

Upande wa Mjerumani nako kuna kisa. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi ya 1,500. Askari wengi walikuwa wanadai mishahara, wakapewa vyeti tu. Wakaenda zao. Tanganyika ikatawaliwa na Mwingereza, vita ya pili ikaja ikapita, uhuru ukapatikana. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai.

Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Waliokuja na vyeti vyao vya 1918 walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengine hawakuwa na kitu. Sasa yule mtu wa benki aliyeleta pesa afanyeje? Akamwambia kila mzee asogee mbele, akampa ufagio mkononi kana kwamba ni bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka 46 ilikuwa imepita. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hicho watu hukisimulia kwa kucheka, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Lakini hebu fikirini zaidi. Mzee wa miaka sabini anashika ufagio kuthibitisha ujana wake! Na fedha zile zilikuwa za askari. Aliyebeba sanduku la risasi la askari huyo huyo, njia ile ile, miaka ile ile, angeonyesha nini? Hakuna amri ya gwaride ya kubeba mzigo.

Tuje Vita ya Pili. Safari hii Keya, yaani King's African Rifles, walikwenda mbali: Abisinia, Madagaska, na mpaka Bama, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwenye matope ya masika. Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya watu 250,000. Na jeshi la wakati huo lilikuwa la mitambo. Vijana wa vijijini walijifunza kuendesha malori, kupeleka habari kwa simu ya upepo, kutibu majeruhi, kutunza stoo, kupiga taipu. Kwa lugha ya leo tungesema walitoka na fani.

Halafu wakarudi 1945 na 1946. Kule Kenya kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, ile karatasi yenye alama za vidole iliyotundikwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani yake mwajiri aliandika kazi uliyofanya na mshahara uliolipwa. Hebu fikirini mtu ametoka Bama, anamjua kila skrubu wa lori, halafu mbele ya mwajiri yeye ni "boi" tena na mshahara wa boi. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya huko Bama. Aliporudi alipata kazi ya kuchochea moto kwenye injini ya treni. Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi, akafika Mashariki ya Kati mpaka Uingereza. Mnawajua walivyoishia: mmoja akawa Jenerali China msituni, mwingine akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Sisemi karatasi peke yake ndiyo iliyoleta Mau Mau, ardhi ilikuwa jambo kubwa zaidi. Ila mtu aliyeonja kuthaminiwa kwa kazi yake hakubali kirahisi kufutwa.

Hata kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi. Nyaraka zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi kwenye makoloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa vita, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu.

Sasa linganisheni na Marekani. Mwaka huo huo wa 1946 bunge lao lilitunga sheria iliyozaa mabaraza ya kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi. Mpaka leo mwanajeshi wao akitoka hupewa karatasi inayoitwa DD 214, na humo huandikwa fani zake. Ikikosewa, analeta ushahidi, na yakikubaliwa anapewa karatasi ya masahihisho, DD 215. Yapo malalamiko kwamba ni kazi ya miaka, lakini mlango upo na una namba. Mzee wa Keya mlango wake ulikuwa ofisi ya bwana DC, na bwana DC alikuwa na mambo mengine.

Msidhani nasema tuamini kila neno la mzee. Karatasi nayo ina haki yake. Idi Amin alipenda kusema alipigana Bama. Kumbukumbu za jeshi zinasema aliingia Keya mwaka 1946 kama msaidizi wa mpishi, na vita viliisha 1945! Kwa hiyo kusahihisha si kujipamba. Ni kuleta ushahidi mpaka kilichoandikwa kilingane na kilichofanyika. Kunahitaji mambo matatu: karatasi yenyewe, shahidi aliyeona, na mlango wa kugonga. Wazee wetu wengi walikuwa na la pili tu, na mashahidi wanakufa.

Ndiyo maana nimeandika, na sasa nina ombi kwenu mlio nyumbani. Kama kwenu kuna sanduku la babu, lifungueni. Kikipatikana kitabu cha jeshi, cheti, medali yenye namba pembeni au picha ya kikosi, pigeni picha mbele na nyuma, na anayejua kusoma mwandiko wa zamani aandike kila neno kabla wino haujafifia. Bibi au shangazi akisema "alikuwa dereva" wakati karatasi inasema kingine, msibishane naye. Andikeni yote mawili, jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Hatutadai fedha leo. Lakini mjukuu akiulizwa babu yake alifanya nini vitani, asijibu tu "alikuwepo".

Na nyinyi vijana mnaofunga mabegi kuja huku: kabla ya kutia sahihi, tafuteni mtu anayesoma Kiarabu awasomee mihna, na muilinganishe na ile ya Kiingereza. Mkikuta si kazi mliyoahidiwa, semeni wakati huo huo mkiwa bado nyumbani, maana ukishapanda ndege kulibadilisha neno hilo kunataka ridhaa ya mwajiri, ada na subira. Tunzeni barua za kazi, hati za mshahara na vyeti vya mafunzo, kila kitu. Babu zetu waliombwa ushahidi baada ya miaka 46 wakapewa ufagio. Sisi tuna simu zenye kamera mfukoni, hatuna kisingizio.

Nisalimieni wote, wakubwa shikamooni, wadogo nawabusu. Mwenye habari za mzee wa Keya katika ukoo aniandikie, nitafurahi sana.

Wasalaam, wenu wa Dubai.