Bonasi ya Soka: Kutoka Pauni 2 za Ushindi hadi Dakika ya 60

Katika soka ya kulipwa, bonasi ni fedha inayoongezwa juu ya mshahara pale sharti lililoandikwa katika mkataba linapotimia, liwe ni ushindi wa timu, idadi ya mabao au idadi ya mechi alizocheza mhusika; na kwa kuwa kila sharti huhesabu jambo fulani na kuliacha jingine, malipo hayo tangu zamani yamekuwa na neno katika suala la nani acheze, wapi, na kwa muda gani.

Uingereza ilihalalisha soka ya kulipwa mwaka 1885, lakini kuanzia msimu wa 1901/02 Chama cha Soka cha nchi hiyo, FA, kiliweka kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki na kupiga marufuku bonasi za matokeo ya mechi. Marufuku hayo hayakuzikomesha bonasi, bali yalizipitisha mlango wa uani. Billy Meredith, winga wa Manchester City aliyekuwa amefungiwa kwa tuhuma za kutaka kumhonga nahodha wa Aston Villa, alipofichua kwamba klabu yake ilikuwa ikilipa zaidi ya kikomo, uchunguzi wa mwaka 1906 uliishia kwa wachezaji 17 kutozwa faini, kufungiwa hadi Januari 1907 na kukatazwa kuichezea tena City. Meredith alihamia Manchester United, na mwishoni mwa mwaka 1907 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha kutetea wachezaji.

Bonasi iliporuhusiwa mwaka 1920, ilikuwa pauni 2 kwa ushindi na pauni 1 kwa sare, tena sawa kwa wote 11, kiasi kwamba kipa aliyeshinda akikodolea macho mpira ukiwa mbali naye alipata sawa na mshambuliaji aliyefunga mabao matatu. Mpango huo haukumpa mshambuliaji sababu ya kifedha ya kumnyima mwenzake pasi. Thamani yote ilikuwa katika kuchaguliwa kuvaa jezi siku ya mechi, kwani ukilinganisha na kikomo cha pauni 8 kilichowekwa mwaka 1922, pauni 2 zilikuwa robo ya mshahara wa wiki. Wala hapakuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia mechi ikiendelea. Aliyeumia alisogezwa pembeni, akachechemea huko hadi kipenga cha mwisho, akihesabiwa kuwa amecheza.

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. Januari 1961, wachezaji wakiongozwa na Jimmy Hill walipotishia kugoma, kikomo cha mshahara kiliondolewa, na Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki, hivyo kila mchezaji akaweza kujadiliana masharti yake mwenyewe. Msimu wa 1965/66, ligi ikaruhusu mchezaji mmoja wa akiba, mwanzoni kwa ajili ya majeruhi tu. Badiliko hili la pili halitajwi sana katika habari za fedha, ingawa ndilo lililozifanya dakika za mchezaji kuwa kitu cha kugawanywa, na kwa hiyo kitu cha kuandikiwa sharti.

Matokeo ya ajabu ya sharti la dakika yalionekana Hispania mwaka 2022, ingawa safari hii sharti halikuwa la bonasi ya mchezaji bali la malipo kati ya klabu mbili. Mshambuliaji Antoine Griezmann alikuwa Atlético Madrid kwa mkopo kutoka Barcelona, na kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, Atlético ingelazimika kumnunua kwa euro milioni 40 endapo angecheza dakika 45 au zaidi katika nusu ya mechi alizokuwa tayari kucheza. Hapo hesabu iligeuka, maana klabu ndiyo iliyofaidika kwa kumweka benchi. Mshambuliaji wa kiwango chake akawa mtu wa kuingizwa saa moja ya mchezo ikishapita: dhidi ya Getafe aliingia akafunga, dhidi ya Valencia akafunga bao pekee dakika chache baada ya kuingia, na dhidi ya Porto akaamua mechi katika dakika za nyongeza. Kocha Diego Simeone, alipoulizwa, alijibu kwamba yeye ni mtu wa klabu, yaani anayetanguliza maslahi ya klabu.

Oktoba mwaka huo klabu hizo mbili zilikubaliana bei ya takriban euro milioni 20. Griezmann akarudi kuanza mechi, akashuka nyuma ya washambuliaji kuusuka mchezo, na msimu ulipokwisha ndiye aliyeongoza ligi kwa pasi zilizozaa mabao.