Faraja ya Waliokombolewa wa Bagamoyo

Haifai tuwasahau wale ambao imani yao ilianza katika machozi. Tunanena habari za waliokombolewa wa Bagamoyo.

Wazee hulifasiri jina la mji huo kwa njia mbili. Wapagazi, wakiisha kufika pwani baada ya safari ya miezi, walibwaga mizigo, na moyo nao ukatua. Watumwa pia walibwaga moyo, lakini kwa maana nyingine: waliiona bahari, wakakata tamaa ya kurudi kwao. Makundi hayo mawili yalishuka kwa njia moja, na mara nyingi katika msafara mmoja.

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokwisha kukaa Unguja tangu 1863, walianzisha misioni Bagamoyo. Kwa sadaka za Wakristu wa Ulaya waliwakomboa watumwa katika soko la Unguja, wengi wao watoto, wakawaleta huko. Vijana walipokua walioana, wakapewa kibanda na shamba katika kijiji cha Wakristu.

Lakini asidhani mtu kwamba mnyororo ulipofunguliwa huzuni nayo ilifunguliwa. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na mama wa kumwendea, wala mjomba, wala ukoo. Hata lugha ya kwao hakupata wa kusema naye, maana huyu alikuwa Myao, yule Mnyasa. Tena kanuni za misioni zilikuwa kali na kazi ya shamba nyingi. Wako waliotoroka, nasi hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Aliyekwisha kuuzwa mara moja si ajabu akiogopa kila mkono unaomshika, hata ule umshikao kwa wema.

Tena taabu haikungoja nje ya boma. Kipindupindu kiliingia Unguja na mrima mwaka 1869, kikaendelea hata 1870, watu wakafa wengi mno. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, ikavuma tufani kubwa: Unguja mikarafuu ikang'oka na vyombo vikazama bandarini, na Bagamoyo majengo ya misioni yakaanguka. Kazi ya miaka minne ikalala chini. Wakajenga tena.

Basi faraja yao ilikuwa nini? Sisi tunaofundisha dini tumeliwaza sana jambo hili. Hakuna aliyerudishiwa jamaa zake, wala hakuna aliyeelezwa kwa nini yeye ndiye aliyetekwa na jirani yake akasalimika. Twaona ya kuwa faraja ilikuja kwa mambo madogo. Walifundishwa kusali Baba Yetu. Sala hiyo sisi huipitia upesi, kama njia tuliyoizoea. Bali yeye asiyeujua tena uso wa baba yake hawezi kulitamka neno la kwanza upesi. Wala hakusema Baba Yangu. Myao na Mnyasa walisema Yetu kwa sauti moja, na katika neno hilo wakapata ndugu. Mmoja wao alipokufa hakutupwa kama walivyotupwa njiani wale walioshindwa na mwendo. Alizikwa kwa jina lake la ubatizo, akaombewa na watu wasio wa damu yake.

Mwaka 1877 mapadre waliazimu kuanzisha misioni ya Mhonda, katika milima ya Unguu. Baadhi ya jamaa za Wakristu wa Bagamoyo wakafuatana nao. Wakafunga mizigo yao, wakawabeba watoto wao, wakaipa bahari kisogo, wakashika njia ya bara, ile ambayo wengi wa namna yao waliishukia wakiwa wamefungwa shingoni. Walipofika Mhonda walifyeka pori, wakajenga, wakapanda.