Gobore la Babu na Bunduki ya Hemingway

Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore. Lilitundikwa nyuma ya mlango, na sisi wajukuu tulikatazwa hata kulinyooshea kidole. Alipofariki, mjomba akalisalimisha polisi. Askari akafungua daftari, akaandika: gobore moja, bovu. Basi, kwisha.

Sasa hebu tuitazame bunduki nyingine. Mwaka 2011, katika jimbo la Maine, Marekani, bunduki ya mitutu miwili kutoka kwa Westley Richards wa Uingereza iliuzwa mnadani. Bei ilipita dola 300,000! Nayo ni chuma na mti tu, kama la babu. Lakini ilikuwa mali ya Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya. Ndugu msomaji, tusiishie kushika mdomo. Tujiulize: bunduki iliyovuka bahari inapataje thamani isiyoisha?

La kwanza ni ufundi na uchache. Westley Richards, Holland & Holland na Rigby walitengeneza bunduki za kuwindia tembo na nyati moja moja, kwa oda ya mteja. Mitutu miwili ilibidi irekebishwe mpaka risasi zote mbili zipige mahali pamoja, na kazi hiyo haitaki haraka. Nyingi zilikuja huku kwetu. Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909. Mizigoni mwake ilikuwamo Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza.

Lakini uchache peke yake hauleti hela. Miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch kiliacha kutengeneza risasi kubwa za bunduki hizi. Zikawa kama gari lisilo na petroli, thamani ikashuka. Risasi zilipoanza kutengenezwa tena, wanunuzi nao wakarudi.

La pili, na ndilo lililoninyima usingizi, ni karatasi. Mafundi wale waliandika kila bunduki daftarini: nambari yake, aina ya risasi, tarehe, jina la aliyeinunua. Leo mtu akidai bunduki yake ilikuwa ya fulani, nambari inatafutwa. Ikionekana, bei inapaa. Isipoonekana, hayo ni maneno ya barazani. Kumbe tajiri wa mnadani hanunui chuma, bwana. Ananunua hadithi yenye ushahidi.

Sasa nani aliruhusiwa kuwa na hadithi hiyo? Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakaandika mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha, kwa sababu biashara ile ilitembea na bunduki. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa. Zikaachwa za gumegume, zisizo na mikato ndani ya mtutu. Zile nzuri zikawa za majeshi ya serikali na watu wenye kibali, wakiwemo wasafiri. Lengo lililotajwa lilikuwa jema. Lakini tazama matokeo: mgeni alibaki na bunduki yenye nambari na karatasi, mwenyeji akabaki na gobore.

Hata waliozibeba bunduki nzuri hawakuzimiliki. Katika kitabu cha safari yake, African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910, Roosevelt anawataja wabeba bunduki wake Bakari na Muhamed. Walitembea naye porini, wakampa bunduki mkononi mnyama alipotokea. Tunawajua kwa sababu yeye aliandika. Je, Bakari angeandika mwenyewe, tungesoma nini?

Vijana wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, hapo ndipo pananiuma. Hemingway alifanya chuma kiwe na bei kwa sababu alishika kalamu. Babu hakushika, na mimi niliyemaliza sekondari nilikuwepo siku gobore linaondoka, nisiandike hata mstari mmoja.

Juzi nikamwendea Bibi na kaunta buku. Akaniambia lilipatikana kwa magunia mawili ya mpunga. Kitako kilipasuka, Babu akakifunga kwa ngozi mbichi ikakaukia hapo hapo. Alilindia shamba, nguruwe na viboko wasimalize mpunga. Nikamwuliza mwaka gani. Akasema, "Mwaka mama yako anaota meno."

Sina nambari ya gobore lile, na pengine halikuwa nayo. Nimeandika jina la Babu juu ya ukurasa, na chini yake hayo machache. Mengine Bibi ameahidi kunimalizia akitoka shamba.