Mgeni wa Siku ya Tatu: Rumonge, Michikichi na Deni Letu kwa Ardhi

Miaka mitatu iliyopita kikundi chetu cha vijana wa kanisa kilipanda mijohoro pembeni mwa uwanja wa mpira hapa Nyarugusu. Tuliimba, tukaomba, tukapiga picha. Mwaka huu nikakuta mti mmoja umekatwa, kisiki bado kibichi. Nilifoka mbele ya vijana wote kwamba aliyefanya vile hana hofu ya Mungu. Jioni nikarudi nyumbani, nikaukuta mti wenyewe jikoni. Mama ndiye aliyeukata.

"Porini siendi tena," akaniambia. "Unajua yaliyowapata wenzangu huko. Na wadogo zako walikuwa hawajala." Akageuza ugali, kisha akauliza: "Halafu huo mti tunamwachia nani? Si kila siku wanasema kambi inafungwa?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, insha hii ni jibu nililolitafuta baadaye, na nililitafuta kwetu Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi.

Rumonge ni mji wa watu waliofika. Ndiyo maana hata sisi Warundi wa kule tunaongea Kiswahili sokoni. Karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Ujiji walikuwa wanapita mwambao huu wakitafuta vitu viwili, meno ya tembo na watu. Vyote vilipita njia moja kwenda pwani. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaosema kutunza wanyama ni anasa ya wazungu, tuhangaikie watu kwanza. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba mkono uliomuua tembo ndio uliomfunga mtu kamba. Leo muulize mtoto wa Rumonge habari za tembo, atakuambia amemwona kwenye picha.

Injili nayo ilifika kama mgeni. Mapadri Wafaransa tunaowaita White Fathers walifungua misheni Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 wawili kati yao, Deniaud na Augier, waliuawa hapo hapo pamoja na msaidizi wao d'Hoop, na misheni ikafa. Imani ilirudi baadaye kwa njia nyingine. Kwa hiyo Mkristo wa Rumonge asijione mwenye nyumba. Sote tulikaribishwa.

Sasa tuje kwenye mchikichi. Kwetu mchikichi ndio benki. Mawese yanapikiwa, yanauzwa Bujumbura, yanatengenezewa sabuni. Ukiupanda unasubiri miaka mitatu au minne ndipo uzae, lakini ukishaanza utakulisha miaka mingi, wewe na watoto wako. Yaani anayepanda mchikichi anaamini kwamba kesho atakuwepo.

Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji yalianzia upande wetu, Rumonge na Nyanza-Lac, halafu jeshi likaua watu nchi nzima. Maelfu walivuka kuingia Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Watu waliondoka, michikichi ikabaki, na ardhi ikagawiwa wengine. Halafu sheria ya ardhi ya 1986 ikasema aliyekaa kwenye shamba miaka 30 anaweza kuwa mwenye nalo, na 15 kama aliingia kwa nia njema. Babu aliporudi mwaka 2008 akakuta familia nyingine imezalia pale. Nao hawakuwa wezi, walikuwa wamepewa. Mti mmoja, wenyewe wawili.

Kesi yao ilichukua muda. Katikati ya ugomvi vijana wa ukoo wetu walikuja usiku na mapanga, wanataka kuikata michikichi yote, tukose wote. Nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya mlango. Babu alitoka akasimama njiani akasema: "Mchikichi haukupigana 1972. Mnaukatia nini?" Wakaondoka wananung'unika. Mwishowe shamba liligawanywa nusu kwa nusu. Hakuna aliyefurahi sana, lakini wote walikula.

Nilipokuja kusoma Biblia mwenyewe nikakuta kwamba Babu, ambaye hajui kusoma, alikuwa amesema jambo lililomo kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 20. Pale Mungu anawakataza askari waliouzingira mji wasikate miti ya matunda, maana mti si adui. Sura ya 22 inakataza kumchukua ndege pamoja na makinda yake: ukichukua watoto, mama mwache aende. Sheria zile walipewa watu waliokuwa bado safarini, hawana hata shamba moja. Na Mambo ya Walawi sura ya 25 inaeleza kwamba ardhi ni ya Mungu, na sisi wote ni wageni kwake. Hata jirani zetu Waislamu wa Rumonge wana neno lao, khalifa, mtu aliyeachiwa kutunza kisichokuwa chake.

Ile habari ya ndege na makinda kwetu ni habari ya samaki. Zamani wavuvi walitoka usiku na taa kufuata ndagala. Miaka ya 1950 Wagiriki wakaleta meli za nyavu kubwa. Kisha watu wakaongezeka, vita ikaleta njaa, na wengine wakaanza kuvua kwa chandarua, inayokamata hata samaki mchanga kuliko kidole. Hapo mama na makinda wanakwenda pamoja. Ndiyo maana nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi waliumia, siwezi kuficha. Lakini ziwa nalo lina sabato yake.

Misitu yetu imepata shida hiyo hiyo. Kusini mwa mji kuna msitu mdogo wa Kigwena, na kule milimani Vyanda kuna sokwe. Vita ilipoanza 1993 watu walikata miti kwa mkaa na mashamba, maana nani atatunza msitu asiojua kama atauona kesho? Sokwe yatima waliokuwa wanalelewa Bujumbura na taasisi ya Jane Goodall walihamishiwa Kenya, kituo cha Sweetwaters huko Ol Pejeta. Vijana wangu hucheka nikiwaambia kwamba kuna sokwe wakimbizi kutoka Burundi. Halafu wananyamaza.

Mwezi wa Mei 2015 ilikuwa zamu yetu. Tulifika Kagunga, ufukwe mwembamba uliojaa maelfu ya watu na kipindupindu, tukapandishwa meli ya Liemba kwenda Kigoma. Njiani nikaona milima iliyonyolewa, halafu ghafla msitu mzito. Mzee mmoja akasema ni Gombe, hifadhi ya sokwe. Mama alikuwa analia. Mimi nilikuwa naangalia miti.

Basi nirudi kwenye swali lake. Huo mti tunamwachia nani? Rumonge inanijibu kwamba anayepanda siye anayekula kila mara, na hofu ya kuondoka ndiyo imetukatia miti mingi kuliko shoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hapa siku ya tatu ilishapita zamani. Wenyeji wa Kasulu wametupokea kwenye ardhi yao, na sisi kwa Mungu ni wageni popote tulipo. Jembe ni letu.

Lakini nimejifunza pia kwamba mahubiri bila kuni ni kelele. Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, msituletee miche tu. Leteni na njia ya kupikia, maana maharage ya mgao hayaivi kwa maombi. Na mimi niliwaomba radhi vijana, nikamwomba radhi Mama mbele yao.

Tumekubaliana utaratibu mpya. Mjohoro hukatwa matawi, si shina, na kila kaya inapewa zamu, wajane na wazee kwanza. Kile kisiki kimechipua, machipukizi matano. Mama amekizungushia miiba mbuzi wasile. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Atakayekuja baada yetu naye atapika."

Mwezi ujao tunapanda tena, upande wa pili wa uwanja. Ukiwa na jembe, njoo.