Vidole Ni Mali ya Nani?

Mtazame mhasibu aliyeizoea Excel. Ctrl na C, Ctrl na V, mshale huku, mshale kule. Mausi imelala mezani kama pambo. Wengine husema ni mbwembwe, eti anataka aonekane fundi. Kumbe mazoea hayo yana historia ndefu, na yaliwahi kufikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Tuanzie 1979. Mwaka huo Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kuvuma kwenye kompyuta ndogo. Ilianzia kwenye Apple II, mashine iliyouzwa bila mausi. Hata mishale yake ilikuwa miwili tu, wa kushoto na wa kulia. Ukitaka kupanda au kushuka ulibonyeza kwanza kitufe cha nafasi, ndipo mishale ibadili kazi. Ukitaka kutoa amri, ulianza na slashi, hii hapa: /. Kwa hiyo kwenye lahajedwali kibodi ndiyo mwenyeji. Mausi ni mgeni.

Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 kwenye kompyuta za IBM, nayo ikaichukua slashi ileile. Ulibonyeza / kisha C kunakili, / kisha M kuhamisha. Amri zilikuwa 469. Watu walizishika kwa vidole, si kwa kichwa. Tena waliandika makro, yaani mfululizo wa vitufe uliohifadhiwa ili kompyuta ijibonyeze yenyewe. Ukihamia programu yenye menyu tofauti, makro zako zote kwisha kazi.

Kampuni ya Borland ililijua hilo. Katika programu yake, Quattro, ikaweka menyu zenye maneno na mpangilio wa Lotus, ingawa kodi iliandika yenyewe. Mwaka 1990 Lotus wakashtaki: mpangilio huu una hakimiliki, kama kitabu. Jaji wa kwanza akawakubalia. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa kule Boston ikapindua hukumu. Menyu ile, ilisema, ni njia ya kuendeshea kitu, sawa na vitufe vya deki ya video, na njia ya namna hiyo haina hakimiliki. Januari 1996 majaji wa Mahakama ya Juu wakagawanyika 4 kwa 4, hivyo uamuzi wa Boston ukabaki.

Hebu fikiria Lotus wangeshinda. Karani aliyejifunza kazi yake kwa miaka angekuwa mateka wa programu moja, au aanze upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mazoea yana taabu, na kampuni inayomiliki mazoea yako inaweza kukupangia bei yoyote.

Lotus 1-2-3 haiuzwi tena. Lakini fungua Excel ya Windows, simama kwenye seli yoyote, ubonyeze /. Herufi zitachomoza juu ya menyu, zikisubiri vidole vya watu waliojifunza kazi kabla ya mausi.