Bodi za saketi zisizo za mstatili: Fundi wa redio amhitaji mchora stika

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU anayefungua taa ya sola, saa au spika ndogo katika mitaa ya Kariakoo mara nyingi hukuta ndani yake bodi ya saketi isiyo ya mstatili. Ipo ya duara, ipo iliyomegwa pembeni kupisha skrubu, ipo iliyopinda kufuata kasha lake. Bodi hiyo ikiungua vibaya, fundi hukabiliwa na tatizo lisilohusu umeme hata kidogo. Anaweza kuielewa saketi yote, lakini bodi ya mstatili iliyoko dukani haiingii ndani ya kasha, na kifaa ambacho kingepona huishia jalalani.

Dawa yake ni kuchora bodi mpya yenye umbo lile lile, na sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa haiko mbali. Iko katika maduka ya jirani, kwa vijana wanaotengeneza stika, fulana na mabango. Hao hushinda mbele ya programu za michoro ya vekta kama CorelDRAW, au Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hupatikana bure. Katika programu za namna hiyo mstari hauhifadhiwi kama nukta za rangi, bali kama hesabu ya pointi na mikunjo. Ndiyo maana mashine ya kukata stika huweza kuufuata kama njia.

Ujirani wa fani hizi mbili una historia. Faili zinazopelekwa viwandani kutengenezea bodi za saketi huitwa Gerber, jina la kampuni ya Marekani iliyoasisiwa na Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna. Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza mashine za kukata vitambaa kwa viwanda vya nguo, na baadaye mashine za kukata herufi za vinaili kwa waandika mabango. Kwa hiyo mchora stika na mbunifu wa saketi, ingawa hawasalimiani, wamenywa kisima kimoja.

Tuchukue mfano wa kibodi cha kuning'iniza funguo chenye umbo la jahazi, bidhaa ambayo mfanyabiashara wa Magogoni angeweza kuwauzia wageni wanaosubiri pantoni ya kwenda Kigamboni. Mchoraji huchora mzingo wa jahazi katika Inkscape kwa kipimo cha milimita, kisha huutoa kama faili ya DXF au SVG. Fundi huupokea katika programu ya kubuni saketi, mathalani KiCad, ambayo nayo ni ya bure, na kuuweka kwenye tabaka liitwalo Edge.Cuts. Tabaka hilo ndilo linaloiambia mashine ya kiwandani ipite wapi inapokata. Baada ya hapo hupanga taa, kipingamizi na betri ndani ya mzingo huo.

Urembo pia hutokana na matabaka. Pale ambapo rangi ya kinga imeondolewa juu ya shaba, tanga litang'aa kwa madini. Pale ambapo shaba na kinga vyote vimeondolewa, hubaki fibaglasi tupu inayopitisha mwanga, na taa ikiwekwa nyuma yake mwezi utawaka juu ya jahazi.

Hadi hapo kazi ni ya raha. Hasara huingia kwa mlango wa vipimo, na viwanda vingi vya Shenzhen, China, ambako bodi za bei nafuu huagizwa, hupokea oda kuanzia vipande 5. Kosa la mchoro huzaa vipande 5 vibovu, na gharama ya kuvisafirisha kwa ndege hairudi.

Kosa la kwanza ni unene wa mstari. Inkscape, isipobadilishwa, huonyesha ukubwa wa umbo pamoja na unene wa mstari uliolizunguka. Umbo linalosomeka milimita 60 likiwa na mstari wa milimita 1 litakatwa kwa milimita 59, kwa kuwa kisu hufuata katikati ya mstari. Katika stika hakuna atakayejua. Katika kasha la taa bodi italegea.

La pili ni mafaili ya zamani. Hadi toleo la 0.92 lililotoka mwaka 2017, Inkscape ilihesabu nukta 90 kwa inchi; tangu hapo huhesabu 96. Mchoro wa zamani uliopimwa kwa nukta unaweza kushuka kutoka milimita 64 hadi 60. Programu humuuliza mtumiaji la kufanya anapofungua faili la aina hiyo, lakini wengi hubonyeza jibu la kwanza bila kusoma.

Kisha kuna mashine yenyewe. Ncha inayokata ni ya duara, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 2 hivi, kwa hiyo pembe ya ndani, pale mlingoti unapokutana na sitaha, haiwezi kuwa kali. Itabaki na mviringo. Ncha ya tanga nayo ikichorwa nyembamba mno itavunjika mfukoni. Shaba ikae walau nusu milimita ndani ya ukingo, isije ikachanwa. Na mzingo lazima ufunge: mwanya mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuifanya KiCad ikatae kuutambua.

Anayetaka kipande kimoja tu si lazima aagize ng'ambo. Anaweza kuchapa mchoro kwa printa ya leza, akauhamishia kwenye shaba kwa pasi ya moto, akaila shaba iliyobaki wazi kwa kloridi ya chuma, kisha akakata umbo kwa msumeno mdogo na tupa. Vumbi la fibaglasi ni hatari kwa mapafu, hivyo avae barakoa na aiweke bodi katika hali ya majimaji anapoikata.

Vyovyote itakavyokuwa, kabla ya kulipa senti, mchoro uchapwe kwenye karatasi kwa asilimia 100, ukatwe kwa mkasi na uwekwe ndani ya kasha. Skrubu zikikosa matundu yake hapo, zitayakosa na kwenye bodi.