Jasho la Kilimani

Kampala ni mji wa vilima, na kwa miaka mingi kupanda Naguru alfajiri kulikuwa dawa yangu isiyo na bei. Mwezi Machi 2020 serikali ya Uganda ilisimamisha magari ya abiria, kisha hata ya binafsi, ili kuzuia korona. Wengi waliokosa kazi wakaanza kukimbia barabarani kwa makundi. Tarehe 8 Aprili Rais Museveni akapiga marufuku mazoezi ya nje, kisha akaonekana kwenye video akifanya mazoezi ndani, naye wakati huo akiwa na miaka 75.

Sababu niliielewa: makundi huambukizana. Lakini, ndugu msomaji, kilima chenyewe hakikufungwa. Wenye mizigo ya chakula kutoka soko la Nakawa waliendelea kukipanda, wakitweta kuliko mkimbiaji yeyote. Jasho la riziki liliruhusiwa, jasho la afya likakatazwa. Mwenye sebule kubwa aliweza kumfuata Rais; mpangaji wa chumba kimoja mwenye watoto watano angerukia wapi? Amri ilikuwa moja kwa wote, ila nyumba hazikuwa sawa. Tangu hapo nimekiona kilima kuwa sebule ya asiye na sebule.